Chausiku Alikufa

Mwanangu Yunisi,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, na wewe hujaondoka bado. Umekwenda Mtinko kumuaga bibi yako, jioni utarudi na tutakula pamoja. Lakini lipo jambo ambalo nikilianza kwa mdomo nitalikatisha. Nitasema mboga inaungua, nitainuka, na kesho asubuhi basi litakuchukua hujalisikia. Najijua. Ndiyo maana nimeazima kalamu ya baba yako nikajifungia humu chumbani mchana huu kama mtu aliyeiba kitu.

Habari za sweta, na za kutowaonyesha watu mahali unapoweka hela, baba yako amekupa mpaka umechoka. Habari za sala atakupa bibi. Mimi sina la kukuagiza. Nina la kukusimulia, na si zuri kwangu.

Jumapili tulipokuwa tunamenya karanga ulinieleza mambo ya huko uendako. Ulisema watawafundisha kutengeneza michezo ya televisheni, na kwamba mwanafunzi akikaribia kumaliza hupewa nafasi ya kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Mimi televisheni sijaiona. Nasikia Visiwani wanayo, huku kwetu bara bado. Nilikusikiliza kwa furaha, maana unajua nilivyo na ugonjwa wa hadithi. Kisha ukasema mchezo wako umekwisha kuuchagua, utautoa katika kile kitabu cha mama, kitabu cha Chausiku. Ukanisimulia yote tangu harusi mpaka mwisho. Faraji anapiga magoti mbele ya mkewe, anaitupa bakora motoni, na mwaka wa pili wanapata mtoto wanamwita Tumaini. Ukasema picha ya mwisho kabisa itakuwa ya bakora ikiungua.

Nikakuambia vizuri, mwanangu. Halafu nikatoka nje kusingizia kwamba naangalia nguo kwenye kamba, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Yunisi, mwisho huo haumo kitabuni. Niliutunga mimi. Katika kitabu Chausiku alirudi kwa mumewe, na mumewe akamuua.

Kitabu chenyewe nilikipata kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa, ambaye sanduku lake halikuwa na nafasi tena. Alinipa kama mtu anavyoacha sufuria iliyotoboka. Nyumbani tulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, basi. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita nikaolewa, na sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kukaa chini akaandika kurasa zote zile kuhusu mwanamke wa kawaida anayepika na kufua. Nilikisoma mpaka jalada likang'oka. Nilikuwa nikikiweka mezani kinafunguka chenyewe pale nilipopapenda.

Tulikuwa tumeingia kijiji cha ujamaa mapema, kabla wengi hawajahamishwa. Huko tulikotoka kila mtu alikuwa na boma lake na shamba lake limemzunguka, ukitaka kumsalimu jirani unatembea. Huku tukapangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, ua na ua. Mkono wetu wa kulia alikaa Debora na mumewe Zakaria. Yule Mama Debora wa Ulemo unayemkumbuka kwa karanga zake za kukaanga, ndiye huyo. Wakati ule wewe ulikuwa umeanza kung'oka meno ya utoto.

Baba yako alikuwa ameanza kuendesha lori, na safari moja akarudi na redio aliyoinunua kwa Mhindi mjini Singida. Ilikuwa redio pekee katika mstari wetu. Mchana wa Jumapili kulikuwa na mchezo, na Jumapili moja nikasikia mtu anaitwa Chausiku. Nilijua kabla hawajafika mbali. Walikuwa wamekichukua kitabu changu wakakitia redioni. Siwezi kukueleza nilivyojisikia. Ni kama ukute watu wageni sokoni wanazungumza habari za dada yako.

Wanawake wakaanza kuja. Wengi Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo kila wakipiga muziki katikati ya mchezo mimi nawaeleza kwa Kinyaturu kilichotokea. Mchezo ukawa unachezwa mara mbili, mara moja Dar es Salaam na mara moja uani kwetu. Debora alikaa karibu yangu kabisa, bega kwa bega, nimtilie maneno sikioni.

Nilikuwa msikilizaji mkali, mwanangu. Nilijua kila kitu walichokiacha. Mama yake Faraji walimtoa kabisa, labda hawakuwa na mtu wa kumwigiza. Sasa kitabuni huyo mama ndiye anayemwambia Chausiku kila siku kwamba vumilia, ndoa ni kuvumilia, hata mimi nilivumilia. Walipomtoa, ikaonekana Chausiku anavumilia kwa sababu anampenda mume. Ukimtoa mtu mmoja katika hadithi, mzigo wake lazima aubebe mwingine, na si kila anayeubeba unamfaa.

Na Faraji mwenyewe. Kitabuni hasemi sana. Mwandishi anakuonyesha mikono yake. Ni fundi cherehani, ana vidole virefu vinavyotia uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea, na wewe msomaji unavitazama vidole hivyo unaanza kuviogopa kabla hajamgusa mtu. Mikono haisikiki redioni. Ikabidi wampe sauti, wakamtafuta mwanamume mwenye sauti ya kumtoa ndama kwa mama yake. Akisema "Chausiku mke wangu," wanawake wote uani wanainamisha vichwa. Alipompiga mara ya kwanza walimkasirikia, alipoomba msamaha wakamsamehe kabla ya Chausiku. Nami nilimsamehe, mimi niliyejua kitakachotokea.

Nisiwaonee. Jambo moja walilishinda hata kitabu. Walitia mlio wa cherehani. Inazunguka, inazunguka, kisha inanyamaza, na inaponyamaza unajua ameinuka kwenye kiti. Mwandishi hakuliandika hilo. Niliona wivu kwa niaba yake.

Miaka ile pia lilikuja gari la sinema pale kijijini, utakumbuka kitambaa cheupe ukutani kwa ghala. Baada ya mambo ya pamba na maji ya kuchemsha wakatuonyesha mchezo wa watu wa nchi nyingine, na kijana wa gari akawa anatufafanulia kwa kipaza sauti. Akasema, hapa mke amefurahi mumewe amerudi. Sisi tunamtazama yule mke usoni, hakufurahi hata kidogo. Debora akaninong'oneza kwamba kijana haoni. Nililifikiria sana. Sikio unaweza kulipeleka unakotaka. Jicho linabisha. Labda ndiyo maana nimefurahi kwamba wewe unakwenda kujifunza kazi ya macho.

Sasa nikueleze habari za Debora.

Zakaria hakuwa na sauti tamu. Asipolewa alikuwa mtu wa kusalimia watoto na kuwakarabatia watu majembe. Akilewa, alikuwa mwingine. Balozi wa nyumba kumi aliitwa, akasema mambo ya ndani wayamalize ndani. Debora ana kaka yake mfanyabiashara kule Ulemo. Kaka akatuma neno kwamba aje na watoto, nafasi ipo, na baba yako akakubali kumchukua kwenye lori safari yake ya kwenda Shelui, maana ni njia hiyo hiyo. Pale kijijini tulijua mimi, baba yako na Debora tu. Mzigo wake ulikuwa umefungwa, umefichwa ghalani kwetu. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Aliniambia anataka amsikie Chausiku mpaka mwisho, halafu ataondoka. Hakusema kwamba ataamua kutokana na hadithi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega Jumapili zote zile, nilijua.

Redioni Chausiku alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake. Faraji akaja mlangoni na ile sauti yake na kanga mbili mpya. Mchezo ukaishia pale Chausiku anapoinama kuchukua kifurushi chake, hatujui anakichukua arudi ndani au atoke. Sehemu iliyobaki ilikuwa moja tu. Na wiki ile betri zikafa. Tukazianika juani kama tulivyozoea, redio ikakohoa ikanyamaza. Dukani mjini hapakuwa na betri, wala kwa Mhindi wala kwa duka la ushirika. Jumapili ikafika, wanawake wakaja na vigoda vyao kama kawaida, nikawaambia redio imekufa.

Ndipo Debora akasema kwa Kinyaturu, "Wewe una kitabu. Mwisho wake ni nini?"

Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka nilifikiri nini wakati ule. Ningependa kukuambia kwamba nilitaka kuiokoa ndoa yake, au kwamba nilimwonea huruma kwa sababu ya mimba, maana kwetu mjamzito haambiwi habari za kifo hivi hivi. Hilo la mimba lilikuwamo, sikatai. Lakini kubwa lilikuwa jingine. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa nimekuwa mwenye hadithi pale kijijini, nami nilitaka waondoke uani kwangu wamefurahi. Nilitaka vigelegele. Ndiyo sababu yenyewe, mwanangu, ni ndogo hivyo.

Nikawasimulia Faraji alivyopiga magoti. Nikawasimulia bakora na moto. Mtoto Tumaini sikuwa nimempanga, alitoka mdomoni mwenyewe nilipoona nyuso zao. Wakapiga vigelegele mpaka watu wakatoka nyumba za mbali kuuliza kuna nini. Wewe ulikuwapo, umekaa miguuni kwangu, ukaichukua hadithi jinsi nilivyoisema.

Debora hakupiga kigelegele. Alingoja wengine waondoke, akaniuliza.

"Bakora aliitupa mwenyewe, au kuna mtu alimwambia?"

Nikasema aliitupa mwenyewe.

"Bila kuambiwa na mtu?"

"Bila kuambiwa."

Akaitikia kwa kichwa. Siku lori lilipoondoka, baba yako alimkuta anafagia ua wake. Debora akamwambia safari ameiahirisha kwanza.

Baba yako aliporudi kutoka Shelui alikuwa na habari. Katika hoteli ya chai wanakopumzika madereva palikuwa na redio, na sehemu ile ya mwisho ya Chausiku iliporudiwa katikati ya wiki iliwakuta pale. Alisema cherehani ilizunguka kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza, na wanaume waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini. Redio haikubadili kitu, walimaliza kama mwandishi alivyomaliza. Akaniuliza kama Debora amesikia mwisho. Nikajibu kwamba amesikia. Hakujua amesikia upi, nami sikumwambia.

Mlango wa Debora nilikuwa nauona nikiwa nimesimama kwenye wangu. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho nikasema akitoka shambani. Kisha nikawaona yeye na Zakaria wanapalilia pamoja, wanacheka, na nikajiambia kwamba labda mwisho wangu ndio wa kweli na mwandishi ndiye aliyekosea. Uongo ukianza kufanana na kweli kwa siku chache, aliyeutunga hulala vizuri. Mimi nililala vizuri mpaka mavuno.

Wakati wa mavuno Zakaria alimpiga. Baba yako aliporudi safari alimpeleka hospitali mjini kwenye lori amelazwa juu ya magunia. Mimba ikatoka. Sikio la kushoto, lile nililokuwa namtilia maneno, halikusikia tena. Zakaria alifungwa muda, akatoka, akaenda kwao hatukumwona tena.

Nilimwuguza, hilo nililifanya. Nilimpikia uji, nilimfulia, watoto wake walilala na wewe kitanda kimoja. Watu walinisifu kwa wema. Kila waliponisifu nilitamani mtu aje na kile kitabu awasomee ukurasa wa mwisho. Nilikichukua nikakifunga kwenye gunia nikakisukumia chini ya sanduku la nguo.

Halafu yakaja madarasa ya ngumbaru, watu wazima kusoma, na mimi nikachaguliwa kufundisha kwa sababu ya lile darasa langu la sita. Debora alikuja siku ya kwanza na akakaa mbele upande wa sikio lake zima. Alisoma kwa shida, kisha akasoma bila shida. Akawa anasoma kila kilichoandikwa, maneno kwenye magunia ya mbolea, matangazo kwenye ukuta wa ghala, jina la kiwanda kwenye kibiriti. Nilimwonea fahari na nilimwogopa. Nilijua atakiomba.

Alipokiomba mara ya kwanza nilimwambia nitakitafuta. Mara ya pili nilimwona anakuja, nikakupa wewe maneno ya kumwambia, nikajificha ndani. Ulisimama mlangoni ukamwamkia shikamoo, ukamwambia, "Mama amesema kitabu kimeliwa na mchwa." Ulisema vizuri sana, bila kuyumba, kwa sababu hukujua kwamba ni uongo. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye kinywa chako. Makosa yangu mengi ni yangu na Debora. Hilo ni langu na wewe, na nakuomba msamaha.

Kesho yake Debora akaja na ndoo ya majivu. Alisema ameniletea ya mchwa, wasije wakala na nguo za mtoto. Akasogeza masanduku yangu moja moja akanyunyiza majivu chini yake na pembeni mwa ukuta. Alipofika kwenye sanduku la nguo nikamwambia hilo nitalisogeza mwenyewe, lina vitu vya kuvunjika. Akanyunyiza kulizunguka. Nikamshukuru.

Nilikaa na majivu yale muda mfupi tu, yakanishinda. Nilikitoa kitabu nikampelekea shambani kwake. Nikampa mkononi. Alikitazama akaona hakina alama ya mdudu, akanitazama mimi, akakiweka kwenye kapu.

Alikisoma kiangazi kizima. Nilimwona nje ya nyumba yake na kidole chini ya mstari, midomo inacheza. Sijapata kungoja kitu kama nilivyomngoja yule mwanamke afike mwisho. Siku alipofika alikuja akakaa jikoni, mimi napuliza moto, akanisubiri mpaka moto ukawaka.

"Ungeniambia alikufa ningeogopa," alisema. "Ningeogopa, ningepanda lori. Woga ule ulikuwa wangu. Kwa nini uliniondolea?"

Nikamwambia nilitaka kumpa tumaini.

Akasema, "Tumaini ni mtoto wako wa kutunga. Wangu nilimzika."

Hakupaza sauti. Alisema hivyo kama mtu anayenisahihisha jina. Lori lililofuata alipanda na watoto wake, na kitabu akaniomba aende nacho, nikampa. Ndiyo maana hukukiona tena na hukukisoma mwenyewe. Ulibaki na hadithi ya mdomo wangu. Na mimi, hata baada ya hayo yote, uliponiomba nikusimulie Chausiku nilikusimulia na magoti na moto na mtoto. Ningeweza kukuambia kweli ulipokua. Lakini kwako wewe mwisho ule ulikuwa bado haujamdhuru mtu, na nilipenda kuusikia mahali ambapo ulikuwa bado mzuri.

Jumatano nilipokuambia nakwenda na baba yako Shelui kununua mchele, nilishuka Ulemo. Nilitaka Debora asikie kutoka kwangu kwamba unataka kuitia hadithi ile kwenye picha, na kwamba nitakuambia mwisho wake wa kweli. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Anasomea wenzake barua zao, na anawaandikia majibu. Alinikaribisha, akanipa uji, akakaa upande ambao sikio lake linasikia. Nikamweleza.

Akasema hadithi si yake, ni ya aliyeiandika, kwa hiyo wewe huna haja ya ruhusa yake. Kisha akasema, "Lakini kile kitabu kina kosa. Nimekisoma mara nyingi sasa. Kina kosa."

Nikamwuliza kosa gani, maana mimi nilikuwa nimekisoma kabla yake na sikuwa nimeliona.

"Faraji ni fundi cherehani," alisema. "Fundi cherehani hakai porini, anakaa penye watu. Ukurasa ule wa mwisho nyumbani wako wawili tu, na mvua nje. Majirani wako wapi?"

Nikainamia uji wangu.

"Hata redioni hawakuwatia. Mwambie Yunisi, yeye atakuwa na picha. Awaonyeshe majirani."

Akaniongezea uji. Hatukuzungumza tena jambo hilo. Tulizungumza habari za watoto wake mpaka lori liliporudi.

Hapo juu niliandika kwamba wakati wa mavuno Zakaria alimpiga, nikapita haraka kwenye hospitali. Nilipita haraka kwa sababu kuna sehemu niliiruka, na hii ndiyo iliyonifanya nijifungie humu chumbani. Siku ile jua lilikuwa bado halijazama. Mimi nilikuwa uani natwanga mtama, na kati ya ua wetu na wao palikuwa na ukuta wa mabua tu. Nilisikia sauti ya kwanza nikajua ni nini. Baba yako alikuwa safarini, lakini mstari mzima wa nyumba ulikuwa na watu, na kila mtu alikuwa uani kwake anafanya kazi ya jioni. Hakuna aliyeinuka. Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu umeshika ungo, ukaniuliza, "Mama, nani analia?" Nikakuambia lete ungo. Ukauliza tena. Nikatwanga kwa nguvu zaidi. Nilitwanga mpaka nikawa nasikia mchi wangu tu, na kule kwao kuliponyamaza mimi nilikuwa bado natwanga, na mtama ulikuwa umekwisha kuwa unga zamani.

Kwa hiyo ukifika kwenye mchezo wako, mwanangu, Chausiku mwache afe kama alivyokufa. Wala usikae sana na Faraji, watu wamekwisha kumtazama vya kutosha. Igeuze mashine yako ya picha upande huu wa ukuta. Utamkuta mwanamke na kinu, na mtoto pembeni anamwuliza swali. Usimpe machozi, hakuwa nayo. Mwonyeshe anavyotwanga.

Mimi mama yako